Pua ya Njoki

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kemikali yoyote. Mkemia Mkuu wa kiwanda cha sabuni kule Eneo la Viwanda alinipa chupa moja ya kioo, yenye kitako cha mviringo na shingo ndefu, akaniambia niioshe. Nilipomaliza aliiinua dirishani, akaitazama, akanirudishia.

"Osha tena."

Nilikuwa nimetoka mtaani kwetu Jericho kwa miguu asubuhi ile, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana vidole, na cheti changu cha chuo cha ufundi nimekiweka mkobani tayari kuonyeshwa. Hakuna aliyekiuliza. Nilipoirudisha ile chupa mara nyingine, maji yaliteleza ndani yake bila kuacha tone kwenye kioo.

"Sasa tunaweza kusalimiana," akasema. "Unaitwa nani?"

"Nafula, bosi."

"Nafula, hapa tunapika harufu. Chupa chafu ina harufu yake, na mimi sijaiomba."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyonilea, ikanisomeshea binti, na ikanitia wivu ambao sijapona hadi leo. Nyinyi vijana mnaovaa makoti meupe siku hizi mna mashine zinazowaambia kila kilichomo ndani ya kimiminika. Sisi tulikuwa na kipimajoto, mizani, na pua. Nitawaeleza jinsi tulivyofanya, lakini sitaweza kueleza bila kumtaja Njoki.

Kazi tuliyoifanya kuliko nyingine zote iliitwa kondensesheni ya aldoli. Msiogope jina. Maabarani tuliiita aldoli tu, kama mtu anavyosema chai. Unachukua vimiminika viwili vya jamii inayoitwa aldehidi. Cha kwanza ni benzaldehidi, chenye harufu ya lozi na ya peremende nyekundu za watoto. Cha pili ni heptanali, kinachotokana na mafuta ya mbarika, nacho kinanuka kama mafuta ya kukaangia samaki yaliyosahauliwa kwenye karai. Ukivichanganya hivyo hivyo, hakuna kitakachotokea. Lakini ukitia alikali kidogo iliyoyeyushwa katika spiriti, ile tuliyoiita kostiki, mambo yanaanza. Alikali inaipokonya heptanali chembe ya haidrojeni. Heptanali iliyopokonywa inatafuta pa kushika, inaikamata benzaldehidi, na zikishaungana zinatoa maji. Huko kuungana na kutoa maji ndiko kondensesheni. Kinachobaki ni mafuta ya njano hafifu yanayonukia asumini.

Huwezi kuamini mara ya kwanza. Umeweka lozi na mafuta yaliyooza, na sasa chumba kizima kinanukia ua.

Ugumu uko hapa. Heptanali ikikosa benzaldehidi karibu, inajishika yenyewe kwa yenyewe, na mtoto wa ndoa hiyo ananuka vibaya kuliko wazazi. Kwa hiyo hatukuimimina yote kwa pamoja. Tuliiteremsha tone kwa tone kutoka kwenye faneli yenye koki, huku mchanganyiko ukikorogwa bila kusimama, ili kila tone likute benzaldehidi tele inayolisubiri. Mkono ukichoka ukafungua koki zaidi, umeharibu. Baadaye tuliizima alikali kwa asidi ya siki, tukatenganisha maji na mafuta, kisha tukayachemsha mafuta yale chini ya pampu ya kufyonza hewa, ili yachemke kwa joto la chini yasiungue, na mvuke wake tukaupoza tukaukusanya.

Mkemia Mkuu alinifundisha haya kwa maneno machache. Alikuwa mzee mrefu, mwenye tabia ya kusimama nyuma yako bila kukohoa. Siku niliyomletea asumini yangu ya kwanza iliyo safi, alichovya kijikaratasi, akanusa, akakipeleka dirishani, nikadhani nimekosea.

"Una mkono, Nafula," akasema.

Nilirudi Jericho na sentensi hiyo. Nilimwambia mume wangu, nikawaambia majirani tuliokuwa tukianika nguo pamoja, nikamwambia hata mchungaji. Kwa muda mrefu, pale maabarani, mwenye mkono nilikuwa mimi peke yangu.

Halafu akaja Njoki.

Alikuwa msichana wa Gikomba, mamaye akiuza mitumba. Alisema kwamba tangu utotoni alikuwa akinusa marobota kabla hayajafunguliwa, akamwambia mama lipi limeingiwa na unyevu na lipi limekaa na dawa ya nondo. Niliyasikia hayo nikayaona maneno ya kutafutia sifa. Mkemia Mkuu alimleta kwenye meza yangu nimfundishe. Alinisalimia kwa heshima, "Habari yako, dada," akauliza kama anaweza kunusa nilichokusanya asubuhi ile. Nikamchovyea kijikaratasi.

Akafumba macho. "Ni tamu," akasema. "Lakini kwa nyuma kuna mafuta. Kidogo tu. Kama sweta iliyovaliwa na mtu aliyekuwa akipika."

Mkemia Mkuu alimnyang'anya kijikaratasi, akanusa, akanusa tena. Kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Kweli," akasema. "Kweli kabisa! Nafula, umelisikia hilo?"

Nilisema nimelisikia. Sikuwa nimelisikia. Nilinusa mpaka pua ikaniuma, na sikupata sweta wala mpishi.

Nilimfundisha yote, maana ndiyo niliyoagizwa: kupima, kufungua koki, kuangalia kipimajoto, kusoma rangi ya mafuta. Mikono yake mwanzoni ilikuwa mizito, akavunja vyombo. Nilifurahi kila alipovunja kimoja. Lakini alikuwa akijua kosa kabla ya kipimajoto kujua. Alikuwa akiinama juu ya mdomo wa chupa na kusema, "Dada, punguza kidogo, imeanza kujila," na kweli, ukipima baadaye, unakuta heptanali ilikuwa imeanza kujishika. Mimi nilihitaji saa nzima na mizani kujua alichokijua kwa pumzi moja.

Kisha kiwanda kikaamua kutoa sabuni mpya ya kipande yenye harufu ya asumini, na kikataka mtu mmoja wa kusimamia chumba cha manukato. Chumba hicho kilikuwa na dirisha lake na mlango wake. Mkemia Mkuu alituambia mimi na Njoki kila mmoja atengeneze yake, kisha yeye na Meneja wa Uzalishaji wanuse bila kujua ya nani ni ipi.

Sijawahi kufanya kazi vizuri kama siku ile. Nilisafisha benzaldehidi yangu upya. Niliteremsha matone polepole hata mguu ukafa ganzi. Nilipopima, nilikuwa na mafuta mengi kuliko Njoki na safi kuliko yake kwa kila kipimo tulichokuwa nacho. Niliyaweka mezani nikijua nimemshinda.

Meneja alinusa ya kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Akanusa ya pili, akasahau kuiweka chini. Alitembea nayo mpaka dirishani, akarudi, akamwambia Mkemia Mkuu, "Hii inanikumbusha nyumba ya shangazi yangu."

Hiyo ya pili ilikuwa ya Njoki. Alikuwa amekata sehemu ya mwanzo na sehemu ya mwisho ya mvuke, akabakiza ya katikati tu, akitumia pua kuamua akate wapi. Ndiyo maana yake ilikuwa kidogo.

"Yako ni sahihi, Nafula," Mkemia Mkuu aliniambia tulipobaki wawili. "Yake ni nzuri."

Nawaomba mlifikirie neno hilo, sahihi. Nililifikiria miaka mingi.

Njoki akaingia chumba chenye dirisha. Sabuni ikatoka, ikapendwa. Na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza hasa, kwa sababu mtaa mzima uliinunua. Nilipopita kati ya kamba za nguo Jericho Jumamosi asubuhi, kila shuka lililopepea lilinukia Njoki. Wamama kanisani walinukia Njoki. Mume wangu alioga akatoka bafuni akinukia kazi ya mikono ya Njoki. Nikamwambia aache kununua sabuni ile.

"Lakini si ni ya kwenu?" akauliza. "Si ndiyo mnayotengeneza?"

"Nunua nyingine."

Alinitazama, akanunua nyingine, na hakuuliza tena.

Mambo yangekuwa rahisi kama Njoki angekuwa mtu mbaya. Wakati mmoja, mapipa mapya ya benzaldehidi yalipofika, asumini yake ilianza kukataa. Mchanganyiko ulikaa pale ukikorogwa bila kubadilika rangi wala harufu, alikali ikiongezwa bila faida. Meneja alipandisha sauti. Njoki alikuwa na siku kadhaa bila usingizi, uso umemshuka. Nilipita karibu na pipa nikaona ukoko mweupe umeganda mdomoni. Benzaldehidi ikikutana na hewa muda mrefu inageuka kuwa asidi ya benzoiki, unga mweupe, na asidi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiila kostiki yote kabla haijafanya kazi.

Ningeweza kumwita kando. Nilingoja Meneja na Mkemia Mkuu wote wawepo, ndipo nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Pipa limeingia hewa. Hiyo ni asidi. Ioshwe kwa magadi, kisha ichemshwe upya."

Ilioshwa, ikachemshwa, na asumini ikarudi. Meneja akamgeukia Njoki akiwa amefurahi. "Umejipatia msaidizi mzuri," akamwambia.

Msaidizi! Masikio yaliniwaka moto.

"Si msaidizi wangu, bosi," Njoki akajibu. "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Mngemuuliza mapema tusingepoteza haya yote."

Alisema mbele ya watu wote, akaja akanishika mkono. Na mimi, badala ya kutulia, nilizidi kuumia. Alikuwa na pua, na dirisha, na sasa alikuwa na roho nzuri pia. Nilijiuliza ameniachia nini.

Hakuwa ameniachia hata nyumba yangu. Binti yangu Naliaka alikuwa akinipitia kazini shule zikifungwa, na badala ya kukaa kwangu alikaa kwa Anti Njoki. Njoki alimfunga kitambaa machoni akampa vijikaratasi anuse, akataja, wakacheka. Nyumbani Naliaka aliniuliza, "Mama, kwa nini lozi na mafuta machafu zinatoa ua?" Nami, nimechoka na nimenuna, nikamjibu aoshe vyombo.

Baadaye kiwanda kilianza kuagiza manukato yaliyo tayari kutoka nje, kwa mapipa, na maabara yetu haikuhitajika tena. Mkemia Mkuu alistaafu. Tuliagana naye uani, akanipa mkono, akasema nitunze mikono yangu. Njoki alichukuliwa na kampuni ya vipodozi, akasafiri, akajenga nyumba mtaa wa Komarock. Mimi nilipata kazi ya fundi wa maabara katika chuo kimoja cha ufundi huku huku Eastlands, chini ya Mkuu wa Idara ya Sayansi, bwana mpole aliyeogopa kila kitu kinachochemka.

Huko niliwaandalia wanafunzi aldoli nyepesi zaidi, ile ya benzaldehidi na asetoni, kimiminika kile cha kuondolea rangi ya kucha. Haihitaji pampu. Unachanganya, unakoroga, na ghafla kimiminika kinakuwa maziwa, kisha vinashuka vipande vya njano kama unga wa mahindi ya njano. Wanafunzi walipiga makofi. "Maze, imebadilika!" walisema, nami nikajifanya sijasikia. Niliipenda kazi ile. Hakuna aliyeninusia kitu. Vipande vya njano unavipima kwa mizani na kipimajoto, na aliye sahihi ndiye bora.

Naliaka alisoma kemia chuo kikuu. Siku ya mahafali tulikwenda familia nzima, mimi nimevaa kitenge kipya, na Njoki naye akaja, amealikwa na Naliaka mwenyewe. Mnajua desturi yetu: mhitimu anavua ile kofia nyeusi anamvisha mzazi, picha zinapigwa. Naliaka alitoka katikati ya umati, akatuona, akakimbia, akavua kofia. Akamvisha Njoki.

Ilikuwa kwa muda mfupi tu. Kisha akaileta kwangu, halafu kwa baba yake, na tukapiga picha. Lakini nililiona lile la kwanza, na kwenye picha zote uso wangu ni wa mtu aliyekanyagwa mguu.

Nilimuuliza jioni hiyo, jikoni, wageni wakiwa bado sebuleni. "Mimi ndiye nimekuzaa. Mimi ndiye nimekulipia. Kofia unampa Njoki?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mama, wewe ulikuwa unakuja nyumbani unanyamaza," akasema. "Miaka yote hiyo sikuwahi kukusikia ukiongea kuhusu kazi yako. Nilidhani unaichukia. Anti ndiye aliniambia ulikuwa na mkono mzuri kuliko wote pale. Mimi nilijua kwake. Si kwako."

Alichukua trei ya chai akatoka. Nilibaki nimeshika sinia tupu.

Nilistaafu muda mfupi baada ya hapo, kwa keki na hotuba ya Mkuu wa Idara. Mume wangu alifariki. Naliaka akaolewa, akapata kazi katika maabara ya kupima maji. Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga dunia nzima, watu wakavaa barakoa, na siku moja Naliaka akanipigia simu.

"Mama, Anti Njoki alikuwa mgonjwa. Amepona. Lakini hanusi kitu. Madaktari wanasema labda itarudi, labda haitarudi."

Sitawaambia nilihisi nini katika dakika ile ya kwanza. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na wivu anakijua. Katika dakika ya pili nilikuwa natafuta viatu.

Nilimkuta Komarock, barazani kwake, amevaa sweta ingawa kulikuwa na jua. Alikuwa amekonda. Kwenye meza alipanga chupa zake ndogo za manukato, zote zimefunguliwa, na baraza nzima ilijaa mchanganyiko wa harufu ambao ungemfukuza paka.

"Mama Naliaka," akasema, "karibu. Nimefungua zote. Ni kama nimefungua maji."

Nilikaa. Nikaanza kuzifunika chupa moja moja, ili angalau zisiharibike.

"Hiyo uliyoshika," akasema, "niambie."

"Ni asumini."

"Najua ni asumini, naona maandishi. Niambie *ikoje*."

Nilinusa. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuombwa niseme harufu ikoje, niliombwa nipime. Nilifumba macho. Nikamwambia mwanzoni inakuja tamu, kama chai yenye sukari nyingi, halafu inashuka, na chini kabisa kuna kitu cha kijani, kama jani la mboga ulilolivunja kwa vidole. Nikamwambia ya pili, na ya tatu. Nilikuwa naokoteza maneno. Njoki alikaa ameinamisha kichwa, akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio, na machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Ulikuwa unanusa siku zote," akasema mwishowe. "Uliogopa tu kusema."

Nilimjibu anyamaze anywe chai.

Alikuwa na kikundi cha akina mama wa Jericho waliotengeneza sabuni ya maji na ya kipande, wakiuza sokoni, na yeye ndiye aliyekuwa akiwachanganyia harufu. Aliniomba nichukue nafasi ile. Nilikataa, kisha nikakubali. Sasa tunakutana Alhamisi kwenye chumba cha kanisa, jiko la gesi pembeni, ndoo zimepangwa, na mimi nina kiti changu na vijikaratasi vyangu. Nanusa, nasema hii iongezwe limau, hii imezidi, hii mafuta yake yamekaa, yamwageni. Wananiita Mwalimu. Wengine wana umri wa Naliaka, na wananiuliza nilivyoanza, nami nawasimulia, kwa sababu nimejifunza kutonyamaza.

Naliaka huja mara moja moja na mtoto wake. Wiki iliyopita alisimama mlangoni akanisikia nikieleza kwa nini kule kiwandani hatukumimina heptanali yote kwa pamoja. Alikaa mpaka nilipomaliza. Tulipotoka alinichukulia mkoba.

Mnaweza kudhani nimetulia, kwamba mwenye pua nimekuwa mimi na hadithi imekwisha vizuri. Imekwisha vizuri kiasi. Wivu haustaafu na mwenyewe. Njoki huketi karibu nami kila Alhamisi, na hasikii hata moshi wa chapati zinazoungua nyumba ya pili. Mimi nachovya, nanusa, natoa hukumu yangu wazi mbele ya wote: iko tayari. Na wale akina mama wote, kila mmoja, kabla ya kushika vikombe na kuanza kumimina, humgeukia Njoki kwanza. Njoki anatikisa kichwa kukubali. Ndipo wanaanza.